Mwanga Utoke Kushoto

Nilikuwa nimepiga magoti kwenye sakafu ya gereji, chaki mkononi, na mume wangu amesimama juu yangu akiamrisha. Nisogeze mstari kidogo. Si huko, huku. Sasa nichore mlango wa kabati, nao ufungukie ukutani, la sivyo utakuwa unamgonga mtu goti kila akipita na ubao. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka kazini, miguu imevimba ndani ya viatu, hata chai sikuwa nimeonja. Lakini yeye alikuwa ananisubiri tangu asubuhi, na mtu aliyekusubiri tangu asubuhi hakuulizi kama umechoka.

Tunaiita gereji kwa sababu aliyetuuzia nyumba aliiita hivyo. Gari hatujawahi kuwa nalo. Miaka yote hiyo kilikuwa chumba cha kutupia vitu: baiskeli za watoto ambao sasa wana watoto wao, magodoro yaliyotoboka, ndoo za rangi iliyoganda, feni ambayo kila mwaka tuliapa kuipeleka kwa fundi. Vyote hivyo nilivitoa mimi, kimoja kimoja, baada ya kazi, ili mume wangu apate karakana ya nyumbani.

Mume wangu ni seremala. Au alikuwa, jibu la hilo ndilo tulilokuwa tunalitafuta pale sakafuni. Mwaka jana kiharusi kilimwangusha akiwa kazini, kwenye karakana aliyokuwa amepanga, randa mkononi. Ulimi ulirudi. Mguu nao ulirudi, ingawa anauburuta kidogo akichoka. Mkono wa kulia ndio uliogoma. Upo, una joto, kucha zinakua namkata mwenyewe, lakini ukimwekea penseli inaanguka. Huko hospitali walimfundisha kutumia wa kushoto: kijiko, vifungo vya shati, mswaki. Alipoweza kufunga vifungo vyote bila msaada, akatangaza kwamba atarudi kwenye mbao.

Akajiwekea na masharti, maana bila masharti asingekuwa yeye. Ajaribu mpaka mwisho wa mwezi. Akiweza kutengeneza kiungo kimoja safi, mbao mbili zishikane bila msumari na bila kucheza, atabaki na vifaa vyake. Akishindwa, Msumari aje na lori Jumamosi ya mwisho achukue kila kitu. Msumari ni seremala mwenzake wa siku nyingi, mwembamba, haongei ovyo, na vifaa vile vingemfaa. Wala hakuomba. Mume wangu ndiye aliyempa neno, kwamba hawezi kuishi nyumba moja na vyuma vinavyoshika kutu.

Nilijua maana ya lori hilo. Likiondoka limejaa, mume wangu atahamia kwenye kochi la sebuleni, na hapo ndipo nitakapomkuta kila jioni, akitazama televisheni iliyozimwa. Nilikwisha kumwona hivyo ile miezi ya kwanza. Sikutaka kumwona tena.

Basi nikachora. Msumeno wa meza tuliuweka karibu na mlango, ili ubao mrefu ukipitishwa utokeze nje badala ya kugonga ukuta. Kabati la vifaa likae hatua chache kutoka kwenye meza ya kazi, si mbali, maana anayevuta mguu hana safari za bure. Soketi zipandishwe juu ya meza, zisijifiche nyuma yake, kwa sababu mtu mwenye mkono mmoja hawezi kuinama na kupapasa gizani. Kuta zipakwe rangi nyeupe zirudishe mwanga. Yote hayo aliyapanga kichwani akiwa kitandani, na sitamnyima sifa yake, yalikuwa yamepangika. Nilimuuliza kitu kimoja tu: mimi nitakaa wapi nikija kumtazama? Akaniambia karakana si sebule.

Meza ya kazi ndiyo iliyokuwa na mjadala mrefu, yaani alijadiliana na nafsi yake mimi nikisikiliza. Gereji ina dirisha moja, la nyuma. Meza lazima ikae kwenye ukuta ambao mtu akiuelekea, dirisha linakuwa kushoto kwake. "Mwanga utoke kushoto," alisema, kama alivyowaambia wanafunzi wake wote tangu nimjue. Aliwahi kumfukuza kijana mzima kazini kwa kuhamisha taa. Alifundishwa hivyo na fundi wake, naye fundi wake na wa kwake, na mafundi wote wa maana meza zao zimekaa hivyo. Tukaikaza kwa boliti ukutani, dirisha kushoto, kila mtu akaridhika.

Kazi ya umeme aliifanya mdogo wangu. Ni fundi mzuri, ila ana mdomo kama cherehani, na akisema anakuja saa nne, wewe endelea na shughuli zako. Alifunga taa mbili ndefu za bomba juu ya ukingo wa mbele wa meza, si katikati ya chumba, kwani ya katikati inakumulika mgongo halafu unafanya kazi ndani ya kivuli chako mwenyewe. Hilo walikubaliana, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe na huyu bwana nikawasikia shemeji wawili wakisifiana. Mwishoni mume wangu akataka na taa ndogo ya kubana, yenye shingo ya kukunja, ibanwe mwisho wa meza, upande wa kushoto. Ikabanwa hapo.

Kisha akaanza kujaribu, na ndipo uchovu wenyewe ulipoanza.

Kazi ya mkono mmoja ina mpango wake. Ubao unabanwa kwenye jiliwa. Rula inabanwa juu ya ubao kwa kibano kidogo, halafu unapitisha penseli. Unaondoa rula, unashika msumeno, unafuata mstari. Zamani mume wangu alikuwa akikata mistari hiyo huku akisikiliza mpira redioni. Sasa alikuwa anasimama pale amekunja uso, jasho linamtoka, msumeno unaondoka kwenye mstari, naye hajui mpaka apulize vumbi atazame. Kila nikirudi kutoka kazini nilikuta vipande vimeongezeka kwenye pipa. Vingine alivivunja kwa hasira. Nilivifagia, nikapika, nikamsaidia kuoga, nikafua, nikalala nikiwa bado naona mashati niliyopiga pasi kazini.

Hakusema mkono umemshinda. Alisema haoni. Tukaenda kupima macho, yakawa mazima kuliko yangu. Basi taa ndiyo haitoshi. Mdogo wangu akaitwa, akabadilisha ile ndogo, akaweka yenye nguvu zaidi. Kushoto. Bado haoni. Akaongeza nyingine juu yake, kwenye ukuta. Kushoto. Mume wangu akawa anasema mwanga unamkimbia, kwamba akiuangalia mstari kabla ya kazi anauona, akianza tu kazi unazama. Mdogo wangu alifuta mikono, akatazama ule upande wa chumba unavyowaka, akasema, "Shemeji, nikifunga nyingine hapa watu watakuja na mpira." Mume wangu hakucheka. Mimi nilicheka, halafu nikaenda jikoni nikalia kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuamini kwamba hayo si mambo ya taa.

Ijumaa, siku moja kabla ya lori, nilikwenda kazini navuta miguu. Ninapiga pasi katika hoteli. Chumba chetu kiko chini, meza zimepangwa kwa safu pembeni ya madirisha, na kila mtu na meza yake. Ya mwisho kabisa ni ya mwenzetu tunayemwita Mashoto, kwa kuwa anatumia mkono wa kushoto. Yeye ameigeuza meza yake, imekaa kinyume na zetu zote, na kwa miaka mingi tumemtania kwamba huyu hata alipozaliwa alianza kutoka miguu. Siku hiyo Mashoto hakuja, mtoto anaumwa. Meza yangu ilikuwa imeharibika waya wa pasi, msimamizi akaniambia nihamie kwake.

Mashati yangu yakarudishwa. Halijawahi kunipata hilo. Msimamizi aliniwekea mbele rundo zima na kunionyesha kola, mikunjo imebaki kama vile pasi haikupita. Nikarudia moja, taratibu, macho yangu yote pale. Nilipoisogeza pasi kwenye kola, kivuli cha mkono wangu kilitangulia, kikailalia kola yote. Nikiusogeza mkono kinasogea nao. Nikasonya. Nikasema kwa sauti, meza gani hii, mwanga wenyewe unatoka kulia.

Nikabaki na pasi hewani. Mwenzangu wa meza ya pili aliniuliza kama naumwa, nikamwambia hapana, ila sikuishusha ile pasi mpaka aliponiuliza tena.

Mume wako unaishi naye, unamlisha, unamkata kucha za mkono usiofanya kazi, unamchorea chaki sakafuni, mdogo wako anafunga taa juu ya taa, na hakuna hata mmoja kati yenu anayejiuliza ile sheria iliwekwa kwa ajili ya mkono gani. Tuliongeza taa upande uleule na kila taa ilizidi kumtupia kivuli cha mkono wake juu ya mstari wake. Tulimziba sisi wenyewe. Na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kujiziba, kwa sababu sheria ilikuwa yake na hakuwahi kuishi siku moja nje yake.

Mtu angedhani nilikimbilia nyumbani. Sikukimbia. Nilikaa kwenye ngazi za mlango wa nyuma wa hoteli, viatu nimevua, nikafikiria kunyamaza.

Ukweli ndio huo. Lori lilikuwa linakuja kesho. Ningenyamaza, vifaa vingeondoka, na mambo yangekwisha. Hakuna tena maranda ya kufagia, hakuna vipande kwenye pipa, hakuna kumngoja fundi umeme asiyejua saa. Nikisema, yataanza upya: meza ing'olewe, boliti zitolewe, taa zihamishwe, soketi zipasuliwe ukuta mwingine, na nani atakayepiga magoti na chaki? Halafu afanye yote hayo ashindwe tena. Kochi halikuniogopesha siku ile. Nililiona lile kochi nikaona na mimi nimekaa pembeni yake, miguu juu ya stuli, na nikaona si vibaya sana. Nilikaa pale mpaka bawabu akaja kufunga mlango.

Nyumbani jua lilikuwa bado halijazama. Nilimkuta gerejini, amekaa juu ya ndoo ya rangi, amefagia mwenyewe. Vifaa alikuwa amevipanga kwenye masanduku, patasi zimefungwa kitambaa, randa imelazwa ubavu kama anavyopenda. Taa zote za upande ule zilikuwa zinawaka bure.

"Mwambie Msumari aje mapema," alisema. "Kabla ya jua kali."

Nikamwitikia. Nikageuka niingie ndani. Nilifika mlangoni, nikaushika, na ninakiri kwamba nilikwisha kuweka mguu mmoja nje. Halafu nikaona jinsi alivyoufunga ule msumeno wake wa mkono. Alikuwa ameufunga kwa shati lake la kutokea, lile la kola nililompigia pasi mimi Jumapili iliyopita, kwa sababu hakutaka meno yake yaguse sanduku. Nikarudi. Nilikasirika, sijui nilimkasirikia nani.

Nilizima ile taa ya ukutani. Nikaibandua ile ndogo ya kubana, nikauvuta waya, nikaibana mwisho mwingine wa meza. Nikatoa kipande cha ubao, nikakikaza kwenye jiliwa, nikabana na rula.

"Unafanya nini?"

"Chora."

Akaniambia nisimchoshe, na kwamba hata kama ni kujaribu mara ya mwisho, taa nimeiweka vibaya. "Mwanga utoke kushoto, mama watoto. Leo na wewe umeanza kusahau?"

"Ulipokuwa unasema hivyo," nikamuuliza, "ulikuwa unachora kwa mkono gani?"

Aliutazama mkono wa kulia, uliolala mapajani pake. Kisha akautazama wa kushoto. Nilimwona uso wake ukibadilika polepole, kisha akainuka kwenye ndoo bila kuniomba nimshike.

Penseli ikapita. Haukuwa mstari wa kujivunia, lakini ulikuwa pale, mweusi, wote, mkono wake ukiwa upande mmoja na kivuli chake kimeangukia upande wa pili, kwenye meza, mahali ambapo hakimzibi. Akaufungua msumeno kutoka kwenye shati. Akakata. Alikwenda vizuri, akaenda, karibu na mwisho msumeno ukaanza kutoka nje ya mstari, na hapo akausimamisha. Hakupuliza vumbi. Aliusimamisha mwenyewe.

"Nimeuona," alisema. "Umeona? Msumeno umekosea, nikauona."

Machozi yalikuwa yanamtoka, wala hakuyaficha. Mimi nilikaa juu ya ile ndoo aliyoiacha. Akashika kile kipande, akakigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba kwenye mkato. Halafu akainua macho na kuuangalia ukuta: meza na boliti zake, taa za bomba, soketi, kabati, kila kitu kimejengwa kwa ajili ya mtu mwenye mkono wa kulia. Nilijua anachokihesabu. Akafikisha macho kwangu, akayashusha kwenye miguu yangu, nayo ilikuwa haifai kutazamwa.

"Umechoka," alisema.

Tangu kiharusi kimpate, watu wote waliokuja nyumbani waliniambia nijitahidi, nivumilie, nimtie moyo. Hilo neno moja hakuna aliyekuwa amenipa.

"Nimechoka," nikasema. "Nimechoka mpaka nilitaka nisikuambie. Nimekaa kule kazini nikisema aende Msumari na lori lake, na mimi nipumzike."

Nilidhani atakasirika, na nilikuwa tayari, kwa kweli ningefurahi kukasirikiwa. Lakini aliuliza tu chaki iko wapi. Nikampa. Akashika ukingo wa meza, akajishusha mpaka chini, mguu mbaya akiuburuta, na nilipotaka kumsaidia akanipungia nikae. Hakuwa amepiga goti sakafuni tangu augue. Akasogea mpaka chini ya dirisha, akachora kitu kwa mkono wake wa kushoto, umbo lililopinda pande zote, hata mtoto wa chekechea angelionea haya.

Nikamuuliza kama ni kabati ndilo linalohamia huko.

"Hapana," alisema. "Kiti chako. Tunaanza nacho, vingine vitazunguka hapo."

Msumari alikuja Jumamosi mapema, kama alivyoambiwa, na lori na kamba. Mume wangu alimpa kile kipande cha ubao. Msumari alikitazama mkato wake muda mrefu, akamtazama mwenzake, akaiangalia taa mahali ilipobanwa, akatikisa kichwa kama mtu aliyeibiwa mfukoni mchana kweupe. Alisema kwamba ujinga huu wamekuwa nao wote wawili. Kisha akauliza spana iko wapi. Lori aliligeuza lisizibe mlango. Mdogo wangu naye akatokea, kwa ajabu, kwa saa aliyoisema.

Kiti hakikuwepo bado. Nilichukua ile ndoo ya rangi, nikaifudikiza ndani ya umbo la chaki, nikakaa, mgongo ukutani, mwanga wa dirisha unaniangukia begani. Nilikusudia kuwatazama wakiing'oa meza. Nilisikia boliti ya kwanza ikilia, nikasikia Msumari akihesabu ili wainue pamoja, na mdogo wangu akianza kusimulia habari isiyo na mwisho.

Halafu nikamsikia mume wangu. Huyu mtu amefanya kazi ya mbao maisha yake yote, na katika karakana hajawahi kusema jambo bila kupiga kelele.

"Jamani," alinong'ona, "polepole. Mama amelala."

Sikuwa nimelala bado. Nikafumba macho, nikalala.